Video Yangu ya Sindano ya Mgongo Ilikuwa na Watazamaji 412,000, na Mmoja Wao Alikuwa Anko

Leo sina klipu. Nimeamua kuandika, kwa sababu hii stori niliwahi kuilazimisha iingie kwenye sekunde 58 na ikaumiza mtu wa kwetu.

Kwa wale wapya: mimi ni kijana wa Kitengela, naishi bedsita upande wa Noonkopir, natengeneza video kwa simu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa. Nilikuwa nasomea biokemia. Naitaja hiyo biokemia kwa sababu nimeitumia sana kujipa heshima mtandaoni. Nikisema kitu kuhusu mwili wa binadamu, lazima mtu aandike, "Huyu alisomea hizi vitu." Ukweli ni kwamba nilisoma semista nne, na ya mwisho sikufanya mtihani.

Mwaka jana mwezi wa tatu niliposti video niliyoiita "Usikubali Sindano ya Mgongo Kabla Hujaona Hii." Usiku wake nilikuwa nimesoma habari za wagonjwa wa Uingereza waliodungwa dawa kwenye uti wa mgongo ili wapigwe eksirei, halafu miaka ikapita na wengine wakaanza kuugua maumivu yasiyoisha, ganzi miguuni, hata kushindwa kutembea. Nikaweka muziki wa kutisha, nikaweka picha ya sindano ndefu, nikazungumza kwa ile sauti ya mtu anayejua siri. Watu 412,000 waliitazama. Sijawahi kupata namba kama hiyo tena. Nilipata kazi ya tangazo kwa sababu yake, nikalipa kodi ya miezi miwili.

Kila nilichosema kwenye ile video kilikuwa kweli. Nilichoacha ni vitu viwili tu: jina la dawa, na mwaka.

Sasa, anko. Ni mdogo wake mathe, na ndiye aliyelipa karo yangu ya semista ya kwanza. Yeye ni fundi wa kuchomelea, ana banda lake Kajiado mjini, anatengeneza mageti na madirisha ya chuma. Amefanya hiyo kazi zaidi ya miaka ishirini, na mingi ya hiyo miaka bila miwani ya kukinga macho. Kama umewahi kumwona fundi akikata chuma kwa grainda huku amefumba jicho moja, umemwona anko.

Mgongo ulianza kumsumbua kama watu wengi wa kazi hiyo. Maumivu kutoka kiunoni, yanashuka mguu wa kushoto. Akameza dawa za kupunguza maumivu, akajipaka dawa ya kuchua. Baadaye unyayo ukaanza kulegea. Anavaa akala, anatembea hatua mbili, anageuka anaona akala imebaki nyuma na hakusikia ikitoka. Hapo ndipo alipoenda hospitali.

Daktari alitaka picha ya MRI. Kabla ya MRI wanakuuliza maswali mengi, na moja ni kama umewahi kuingiwa na chuma machoni. Anko akacheka, akasema, "Daktari, mara ngapi?" Wakampiga eksirei ya macho. Kulikuwa na chembe ya chuma kwenye jicho la kulia, imelala hapo bila shida yoyote miaka yote. Lakini mashine ya MRI ni sumaku kubwa ajabu. Ile chembe inaweza kusogea ndani ya jicho na kulichana. Kwa hiyo MRI ikafutwa.

Njia iliyobaki inaitwa mayelogramu ya CT. Unadungwa sindano chini ya mgongo, dawa inayoonekana kwenye eksirei inaingizwa kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, halafu unaingia kwenye CT skani. Mahali ambapo dawa haipiti, hapo ndipo mshipa wa fahamu umebanwa. Hiyo dawa wahudumu wanaiita kontrasti.

Anko akasema asante, akachukua faili yake, akarudi Kajiado. Hakumwambia mtu. Alikuwa ameona video yangu.

Wiki saba zilipita. Mathe alinipigia simu asubuhi moja. Hakunisalimia. Alisema, "Mjomba wako hawezi kuinua ule mguu, na tangu jana anasema mkojo unatoka kwa shida. Nimemwuliza kwa nini hakupigwa picha, ananiambia mtoto wangu mwenyewe alisema hiyo sindano inalemaza watu. Ni wewe?"

Nikapanda matatu ya Kajiado pale steji. Kitengela hadi Kajiado kupitia Isinya si mbali, lakini siku hiyo niliona kila kituo. Nilimkuta amekaa nje ya banda lake kwenye kiti cha plastiki, mguu umenyooshwa mbele kama si wake.

"Habari ya asubuhi, anko."

"Nzuri, kijana. Umekuja kunichukua video?"

Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza. Video yangu ilikuwa kwenye simu yake, ameihifadhi. Alisema aliwaonyesha hata mafundi wenzake, akawaambia, "Huyu ni mtoto wa dada yangu, alisoma chuo."

Nikamwambia, "Anko, nilikosea."

"Ulidanganya?"

"Hapana. Lakini ile dawa niliyoisema si hii wanayotaka kukupa."

"Basi hii ni gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimetisha watu laki nne kuhusu kitu, na swali la kwanza la mtu mmoja mwenye akili lilinishinda.

Kabla sijaendelea: ukiwa na maumivu ya mgongo halafu mkojo ukaanza kugoma au kutoka wenyewe, au ukasikia ganzi sehemu za siri na mapajani unapokalia, hiyo ni dharura. Usilale ukisubiri kesho. Tulimpeleka siku hiyo hiyo, wakamlaza, na picha ikapangwa asubuhi iliyofuata. Anko bado alikuwa hajakubali. Alisema atajibu asubuhi, nikishamletea jina la dawa na habari zake. Kwa hiyo nilisoma usiku kucha kwenye benchi la hospitali, bando likaisha saa tisa, nikanunua lingine.

Hiki ndicho nilichopaswa kuwaambia tangu mwanzo.

Uti wa mgongo na ubongo vinaelea kwenye maji mamoja. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za hayo maji kwa wakati mmoja, yaani nusu ya soda ya mililita 300, na mwili hutengeneza mengine kila siku. Dawa nyingi zikiingia kwenye mshipa wa damu haziufikii ubongo ovyo, kwa sababu mishipa ya ubongo ina kizuizi kinachochuja. Ukidunga dawa moja kwa moja kwenye hayo maji ya mgongo, umeruka hicho kizuizi. Umeingia ndani ya nyumba bila kupitia getini. Ndiyo maana dawa ambayo kwenye mkono haina neno, kwenye mgongo inaweza kuua.

Madaktari wamekuwa wakitafuta kitu cha kuweka humo kwa zaidi ya miaka mia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 huko Ufaransa, Jean-Athanase Sicard na Jacques Forestier walitumia mafuta yenye iodini yaliyoitwa Lipiodol. Iodini inazuia miale ya eksirei, kwa hivyo inaonekana nyeupe. Mwaka 1944 yakaja mafuta mengine, Marekani yakiitwa Pantopaque na Uingereza Myodil. Hayo ndiyo ya video yangu.

Yalikuwa mazito kuliko maji ya mgongo. Mgonjwa alilazwa kwenye meza inayoinamishwa, mafuta yanateremka polepole kando ya uti wa mgongo huku daktari akitazama. Baadaye walijaribu kuyavuta nje kwa sindano ileile. Hayakutoka yote. Yaliyobaki yalikaa humo miaka na miaka, kwa sababu mwili unayaondoa kidogo sana. Kwa baadhi ya watu, utando unaozunguka mishipa ya fahamu ulivimba, ukapata makovu, na mishipa ikashikana. Fikiria tambi zilizopikwa zikaachwa kwenye sufuria hadi zikapoa. Huo ugonjwa unaitwa araknoiditi. Maumivu, miguu inayowaka moto, kibofu kisichotii, na mara nyingi hakuna dawa ya kuuondoa. Dawa hizo ziliachwa miaka ya 1980. Baadhi ya wagonjwa wa Uingereza walifungua kesi, na katikati ya miaka ya 1990 wengine wakalipwa nje ya mahakama.

Kwa hiyo waliolia walilia kwa haki. Sitaki mtu aseme kwamba nimewageuka. Lakini nilichukua kilio cha miaka hiyo nikakipeleka kwa fundi wa Kajiado ambaye daktari wake hana hata tone la Myodil kabatini.

Kilichofuata baada ya mafuta ni dawa za kuyeyuka kwenye maji. Hapa kuna mtu mmoja ningependa mumjue, Torsten Almén, daktari wa Sweden. Inasimuliwa kwamba alipata wazo lake kwa kuogelea: bahari yenye chumvi nyingi inawasha macho, maji yenye chumvi kidogo hayawashi. Aliyewahi kufungua macho ndani ya maji pale Mombasa anaelewa. Dawa za kontrasti za wakati huo zilikuwa kama ile bahari. Zilivunjika kuwa chembe zenye umeme, zikavuta maji kutoka kwenye seli, zikachoma. Almén akasema tutengeneze dawa isiyovunjika hivyo. Ya kwanza, metrizamidi, ilikuja miaka ya 1970. Ilikuwa afadhali kuliko mafuta, ingawa iliwaumiza watu vichwa sana, wengine wakachanganyikiwa kwa muda, na wachache wakapata kifafa. Miaka ya 1980 zikaja ayoheksoli na ayopamidoli, na hizo ndizo zinazotumika kwenye mgongo hadi leo. Ayoheksoli iko hata kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Je, hazina madhara kabisa? Zinayo. Kuumwa kichwa ni jambo la kawaida, na kichefuchefu, na shingo kukaza. Mara chache sana mtu anaweza kuchanganyikiwa, kupata kifafa, au utando wa ubongo kuvimba. Kuna kiwango cha iodini kisichopaswa kuzidishwa kwa kipimo kimoja, takriban gramu 3 kwa mtu mzima. Na baada ya sindano unalazwa kichwa kikiwa juu, ili dawa isikimbilie ubongoni kwa wingi mara moja. Hayo yote yanajulikana na yanapangiwa.

Hatari inayowanyima usingizi madaktari wa picha ni nyingine. Ni kuchukua kichupa kisicho chenyewe.

Zile dawa za zamani za kuchoma bado zipo hospitalini, na kwa sababu nzuri. Urografin, kwa mfano, ni dawa ya miaka mingi ya picha za njia ya mkojo na kibofu. Kwa kazi hiyo ni sawa. Ikiingizwa kwenye mgongo kwa bahati mbaya, miguu inaanza kurukaruka yenyewe ndani ya muda mfupi au saa chache, halafu mtetemo unapanda, kiuno, tumbo, mikono, hadi mwili mzima unakakamaa kama mtu wa kifafa ambaye hapati nafasi ya kupumzika. Misuli inaharibika, joto linapanda, figo zinaelemewa. Wapo waliokufa. Wapo waliookolewa, kwa sababu mtu aligundua mapema, wakainua kichwa, wakatoa yale maji ya mgongo yenye dawa, wakatuliza kifafa na kumpeleka chumba cha wagonjwa mahututi.

Halafu kuna gadoliniamu, kontrasti ya MRI. Kwenye mshipa wa mkono watu wengi wanaipata bila shida. Kwenye mgongo, kipimo kikubwa kimesababisha kuchanganyikiwa, kifafa, kupoteza fahamu na vifo, na Marekani imeamuru onyo hilo liwekwe kwenye kisanduku juu kabisa ya maelezo ya dawa.

Na si kontrasti peke yake. Mwezi Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kwa akina mama wanaojifungua. Ni dawa inayookoa maisha ikiwekwa kwenye mshipa. Shida ni kwamba kichupa chake kinaweza kufanana na kile cha dawa ya ganzi ya mgongo, na mama aliyekuwa anafanyiwa upasuaji wa kujifungua anaweza kudungwa hiyo badala ya ganzi. Kinachofuata ni kifafa, na wengi hufa. Angalia kosa lenyewe. Sindano iko mahali pake, daktari ana ujuzi, mgonjwa amekubali. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma maandishi yenye urefu wa kidole.

Sisi Wakenya tunajua makosa ya aina hiyo. Mwaka 2018 pale Kenyatta, mgonjwa alifunguliwa kichwa akatafutiwa damu iliyoganda, madaktari wasiione, kwa sababu aliyekuwa nayo ni mgonjwa mwingine. Vitambulisho vilikuwa vimechanganyika. Nchi nzima iliongea kuhusu madaktari wazembe. Mimi nadhani tungeongea pia kuhusu kibandiko.

Asubuhi nikamwendea anko, nikamsomea kila kitu, pamoja na sehemu inayotisha. Sikutaka kumficha tena. Akasikiliza kimya hadi mwisho, akauliza swali moja: "Kwa hivyo tuwaombe watuonyeshe chupa?"

Ndiyo, nikasema. Hicho tu.

"Sasa hicho si ungekisema kwenye video?"

Akaweka sahihi.

Nilipewa ruhusa ya kusimama naye hadi mlangoni mwa chumba cha picha. Nilikuwa na woga wa kuonekana mjuaji, kijana wa mtandaoni amekuja kufundisha watu kazi. Nikasema hivyohivyo: "Daktari, samahani, mjomba wangu ana wasiwasi. Unaweza kutusomea jina la dawa kabla ya kuivuta?" Nilitarajia jibu kali. Daktari akachukua kichupa, akakigeuza, akasoma kwa sauti: jina, nguvu yake, tarehe ya kuisha, na mahali palipoandikwa kuwa inaruhusiwa kwenye uti wa mgongo. Yule mtaalamu wa eksirei naye akakisoma mara ya pili. Daktari akasema, "Tunafanya hivi kila siku hata usipouliza. Lakini ukiuliza siumii."

Halafu mtaalamu wa eksirei akanionyesha kabati jingine. Akatoa kichupa kingine cha kontrasti, cha mambo mengine. Ukiviweka viwili pamoja, ni maji mangavu na maji mangavu. Kioo ni kioo. Onyo kwamba hicho cha pili hakipaswi kuingia mgongoni lilikuwepo, limeandikwa kwa Kiingereza kwa herufi ndogo. Alisema wao huvifungia kabati tofauti, na dawa ikishavutwa kwenye bomba la sindano, bomba linabandikwa jina hapo hapo, kwa sababu bomba lisilo na jina halina tofauti na lingine. Nilitazama vile vichupa nikakumbuka ile picha ya sindano ndefu niliyoiweka kwenye video. Kumbe sindano haikuwa na makosa yoyote.

Anko alirudi wodini kichwa kimeinuliwa, analalamika njaa. Kichwa kilimuuma siku mbili, tena sana, akanywa maji na kulala. Kisha kikaacha.

Picha ilionyesha mahali dawa iliposimama. Kipande cha diski kilikuwa kimetoka kikakandamiza mishipa upande wa kushoto na kuelekea katikati. Walimfanyia upasuaji jioni ileile. Mkojo ulirudi. Maumivu ya mguu yalipungua karibu yote. Unyayo haujarudi. Anavaa kifaa cha plastiki kinachoushikilia, anatembea na fimbo, na akala zake amempa kijana wa bandani.

Nilimwuliza daktari kama zile wiki saba ndizo zilizoumaliza ule unyayo. Akasema hawezi kujua, mshipa ukibanwa sana unaweza kufa hata bila kuchelewa. Akasema pia kwamba mapema ingekuwa afadhali. Nimeyabeba majibu yote mawili, na sijapata njia ya kuchagua moja.

Maoni yangu, na mtanisamehe kama yanaudhi wenzangu wa kazi hii. Sisi tunaotengeneza vitu mtandaoni tunasema tunawafungua watu macho kuhusu hospitali. Wakati mwingine ni kweli. Hospitali zetu zina makosa, kuna watu wameumizwa na hakuna aliyewaomba msamaha, na mtu wa kawaida akiuliza swali anaambiwa anasumbua. Lakini hofu isiyo na jina la dawa haimsaidii mgonjwa kuuliza chochote. Inamsaidia kubaki nyumbani tu. Anko hakuhitaji kuambiwa hospitali ni nzuri. Alihitaji jina la dawa na ruhusa ya kuuliza, na vyote viwili vingeingia kwenye sekunde 58, nafasi ikabaki.

Mimi si daktari, hilo mnalijua sasa. Lakini ukiambiwa wewe au mtu wako atadungwa dawa kwenye mgongo kwa ajili ya picha, uliza haya.

Kwa nini kipimo hiki na si MRI? Wakati mwingine kuna sababu nzuri, kama jicho la anko, au mtu mwenye betri ya moyo. Wakati mwingine MRI inawezekana na hakuna haja ya sindano.

Dawa inaitwaje, na imeandikwa kwamba inaruhusiwa kwenye uti wa mgongo? Omba isomwe kwa sauti kabla haijavutwa.

Waambie mambo yako yote: kama una kifafa, kama uliwahi kupata mzio wa kontrasti, kama una pumu, ugonjwa wa figo, ujauzito, kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda au dawa za magonjwa ya akili. Baadhi ya hizo za akili zinaweza kurahisisha kifafa kuja. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Waambie, waamue wao pamoja nawe.

Baada ya sindano, usilale kichwa chini, na usiende nyumbani peke yako. Miguu ikianza kurukaruka, ukichanganyikiwa, ukipata homa au shingo kukaza vibaya, kichwa kikizidi kuuma badala ya kupungua, miguu ikilegea au mkojo ukigoma, piga kelele saa hiyo hiyo. Usiogope kuonekana msumbufu.

Akina mama mnaoandaliwa upasuaji wa kujifungua, nanyi pia. Ganzi ya mgongo ni kitu kingine kabisa na kontrasti, inatumika kila siku, na usiikatae kwa sababu ya kijana mmoja wa Kitengela. Omba tu wasome kichupa.

Ile video ya kwanza sijaifuta. Nilitaka, lakini ilikuwa imeshapakuliwa na kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ambayo siyafikii. Nimeweka maandishi juu yake: jina la dawa ni Myodil, iliachwa miaka ya 1980. Nikatengeneza nyingine ya kusahihisha. Imetazamwa na watu 3,100 hadi leo asubuhi. Mmoja wao ni anko. Alinitumia ujumbe, "Hii ndiyo ungeanza nayo," halafu akanitumia mia mbili kwa M-Pesa, akasema ni za bando.

Kama ile ya kwanza uliituma kwa mtu, naomba umtumie na hii. Nikiomba hivyo kawaida huwa natafuta namba, mnanijua. Leo namtafuta mtu mmoja aliyerudi nyumbani na faili yake kama anko, na hajamwambia mtu.